Bushi Zinazolia Kwenye Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari likishakula miaka, huanza kuongea. Ukipita tuta polepole linalia kwii, ukiegemea boneti linalia kwii, ukifunga mlango baada ya kushuka linalia tena. Mara nyingi mkosaji ni bushi, ingawa si kila bushi iliyozeeka inalia na si kila mlio ni wa bushi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na majibu yametokana na kulala chini ya magari, yakiwemo yale niliyoyakosea mwenyewe.

Bushi ni kitu gani hasa?

Ni mpira unaokaa kwenye kiungo, pale ambapo chuma kingekutana na chuma. Ile ya kawaida ya kontrol amu, mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na fremu ya gari, ina mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na katikati kuna mpira uliogandishwa kwenye mirija yote miwili kiwandani. Mrija wa nje umeingizwa kwa nguvu kwenye tundu la amu. Mrija wa ndani unapitiwa na boliti na kubanwa usizunguke kabisa. Amu ikipanda na kushuka hakuna kinachoteleza hapo: mpira unajinyonga kidogo, halafu unarudi ulikokuwa.

Hilo lishike, maana nusu ya makosa huanzia hapo. Bushi nzima ya aina hii haihitaji grisi wala mafuta, kwa kuwa hakuna kinachosuguana. Ikianza kulia, mpira umeachana na chuma mahali fulani, au kelele ni ya jirani yake.

Bushi za stebilaiza ni watu wengine. Hizo ni vipande vya mpira vyenye mgongo wa duara, vimepasuliwa upande mmoja, vinaikumbatia nondo ya stebilaiza, ile inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, na kufungwa kwa klipu ya chuma yenye boliti mbili. Kwenye magari mengi ya zamani nondo huwa inazunguka kidogo ndani ya mpira huo, kwa hiyo msuguano upo tangu siku ya kwanza. Mchanga ukiingia, makelele yanaanza. Aina ya tatu ni bushi za polyurethane, ile plastiki ngumu kiasi ambayo watu hufunga badala ya mpira. Nazo huzunguka juu ya mrija wa ndani, na bila grisi lazima zilie.

Mbona inalia asubuhi tu, au inanyamaza mvua ikinyesha?

Mpira ukipoa unakuwa mgumu, na ukichemka kwa kufanya kazi unalainika kidogo. Ndiyo maana gari linalia wakati wa kutoka nyumbani na kutulia baada ya kilomita chache.

Kunyamaza kwenye mvua ni dalili nzuri zaidi kwa anayetafuta. Maji yameingia kati ya vitu viwili vinavyosuguana na kuvilainisha kwa muda. Maana yake msuguano uko mahali ambapo maji yanafika, na kwa uzoefu wangu wa kwanza kutazamwa ni stebilaiza. Kelele isiyojali mvua wala jua itafute ndani zaidi, kwenye boljointi (kiungo cha tufe la chuma kwenye ncha ya amu, kinachoruhusu gurudumu kugeuka) au kwenye mauntingi ya juu ya shokapu, yaani pale shokapu inapofungwa kwenye bodi.

Nitajuaje ni bushi ipi inayolia?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kubadilisha vitu kwa kubahatisha ndiyo njia ya kufika kwenye bushi mbovu ukiwa umeshanunua spea tano nzima.

Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, geuza usukani mpaka mwisho upande mmoja ili upate nafasi nyuma ya tairi. Gari libaki juu ya matairi yake manne. Mwenzako abonyeze kona ya gari kwa uzito wa mwili, aachie, abonyeze tena, taratibu. Wewe chuchumaa ukiwa umeingiza mkono tu, usiwe chini ya gari. Wala msibonyeze gari lililo juu ya jeki au stendi.

Sasa gusa kimoja kimoja: nondo ya stebilaiza karibu na klipu yake, amu karibu na boliti, linki (kijiti kinachounganisha ncha ya nondo na amu au shokapu), springi. Kuwa mwangalifu na vidole kwenye mikunjo ya springi. Kile kinacholia utakisikia kwa ngozi kabla ya sikio, kinatetemeka kama uzi wa zeze uliopitishiwa upinde. Nimewahi kusikiliza kwa dakika ishirini mlio ambao masikio yalikuwa yananiambia uko kwenye shokapu, na mkono ukanipeleka moja kwa moja kwenye klipu ya stebilaiza ya upande wa pili. Chuma husafirisha sauti, sikio hudanganywa kirahisi.

Ukishakuwa na mshukiwa, chukua chupa ya kupulizia yenye maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo. Lowanisha bushi moja tu. Bonyezeni mara kumi. Kama kelele ni ileile, nenda kwenye inayofuata. Ikikatika ghafla, umempata. Usilowanishe zote kwa pamoja, maana utapata ukimya na hutajua umetoka wapi. Ninapendelea maji kuliko mafuta ya kupulizia kwa sababu maji yanakauka na kukuachia mpira ulivyokuwa.

Kama bado una shaka kuhusu stebilaiza, fungua linki zake pande zote mbili, zifunge pembeni kwa waya zisigonge kitu, kisha bonyeza gari tena. Nondo sasa haifanyi kazi. Mlio ukiwa umeondoka, tafuta kwenye nondo na bushi zake.

Zingatia pia wakati kelele inapotokea. Inayosikika unapozungusha usukani gari likiwa limesimama huelekea zaidi kwenye boljointi kavu au beringi ya mauntingi ya juu. Inayogonga mara moja, “tk”, kila unapokanyaga breki au kuondoka, inaelekea kuwa bushi ya amu iliyoachana kabisa, na hiyo ni habari nyingine.

Si nipulizie tu oili, mambo yaishe?

Yataisha kwa wiki moja. Oili ya injini, dizeli na grisi za kawaida hutokana na mafuta ghafi, na mpira asilia uliomo kwenye bushi nyingi huzinyonya. Unavimba, unalainika, unaanza kumomonyoka. Ukitaka ushahidi, tazama gari ambalo injini yake imevuja oili miaka mingi juu ya bushi ya amu: ibonyeze kwa kidole, utaona imekuwa laini kama andazi lililoloweshwa chai. Juu ya hapo, oili hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na oili linakuwa kama dawa ya kusugulia vyuma.

Fundi anayekupulizia oili chakavu chini ya gari bila malipo hana nia mbaya. Anataka uondoke ukiwa umefurahi. Ila mkatalie.

Na kama kuna oili inayodondokea bushi, ziba kwanza uvujaji huo. Bushi mpya haitadumu chini ya bomba la oili.

Basi nitumie kilainishi gani?

Kwa bushi za stebilaiza zinazoteleza: silikoni. Ile ya kupulizia hutuliza kwa muda, lakini kazi ya kweli ni kufungua klipu, kuutoa mpira kupitia ule mpasuko wake, kusafisha nondo kwa waya brashi laini mpaka kutu na mchanga viishe, kuosha mpira kwa maji ya sabuni, kukausha, kupaka grisi ya silikoni kidogo ndani, kisha kurudisha. Ukiona nondo imelika na kuwa nyembamba pale ilipokuwa inashikwa, mpira mpya wa kipimo cha awali utacheza juu yake. Kabla ya kuagiza, pima unene wa nondo kwa kalipa. Magari ya modeli moja huweza kuwa na nondo za unene tofauti, na tofauti ya milimita moja tu inatosha kuleta kugonga.

Angalizo: baadhi ya bushi za stebilaiza zimegandishwa kwenye nondo au zina kitambaa cha kuteleza ndani. Hizo zisipakwe kitu. Kama hazikutoka kiwandani na grisi, na kitabu cha gari hakisemi upake, ziache kavu.

Kwa polyurethane: grisi nzito ya kunata, ile inayokuja na bushi zenyewe kwenye kipakiti. Paka kwa ukarimu ndani ya tundu, kwenye mrija, na kwenye nyuso za pembeni zinazogusana na chuma. Watu husahau pembeni, na pembeni ndiko mlio hupenda kutokea.

Kwa bushi ya amu iliyogandishwa: hakuna. Ikilia, ibadilishe.

Kuna pia magari ya zamani zaidi yenye vichuchu vya kupigia grisi kwenye viungo. Hayo yalitengenezwa yapigwe grisi kwa ratiba. Ukikuta kichuchu kimeziba kwa matope, kisafishe au ukibadilishe, piga grisi mpaka uone ile ya zamani inatoka pembeni. Kelele nyingi za magari hayo huishia hapo hapo bila kubadilisha chochote.

Bushi yangu ina nyufa. Imekufa?

Inategemea nyufa zenyewe. Mikwaruzo midogo juu ya ngozi ya mpira ni uzee wa kawaida, jua na hewa vimefanya kazi yake. Weka mtaimbo mdogo kati ya amu na fremu, sukuma taratibu ukiwa unatazama kwa tochi. Ukiona ufa unafunguka mdomo na kuonyesha kina, au mpira unabanduka kutoka kwenye chuma, au mrija wa ndani umeegemea upande mmoja badala ya kukaa katikati, imekwisha. Usisukume kwa nguvu za kung'oa kisiki, kwani hata bushi mpya itasogea ukiilazimisha. Linganisha na ya upande wa pili.

Kuna bushi zenye majimaji ndani, zilizowekwa ili kumeza mtetemo. Ukiona zimelia machozi meusi, hakuna cha kupima tena.

Nibadilishe bushi peke yake au amu nzima?

Kama boljointi imeunganishwa na amu na nayo imeanza kulegea, nunua amu nzima. Utafungua boliti chache, utafunga boliti chache, jioni umemaliza. Kama boljointi ni nzima na amu haina kutu iliyotoboa wala haijapinda, bushi peke yake inatosha na mara nyingi ni ya ubora zaidi kuliko ile inayokuja kwenye amu za bei ya chini. Nimeshaona amu mpya ambazo bushi zake zilipasuka kabla ya zile za kiwandani za upande wa pili.

Ninaweza kuzitoa bila presi, ile mashine ya kusukumia vitu kwa nguvu?

Unaweza, kwa jasho. Baada ya kuitoa amu kwenye gari, kabla hujaigusa bushi, chora alama kwa rangi au chaki kuonyesha ilivyokaa. Bushi nyingi zina mianya kwenye mpira, na mianya hiyo imeelekezwa kwa makusudi ili iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ukiifunga imegeuka, gari litaendeka vibaya na bushi itachanika mapema. Pima pia imechomoza kiasi gani kila upande. Piga picha na simu, haina gharama.

Presi ya nyumbani ni boliti ndefu yenye uzi mpaka mwisho, nati, washa nene na soketi mbili. Soketi ndogo iwe nyembamba kidogo kuliko mrija wa nje wa bushi, ndiyo inayosukuma. Soketi kubwa iwe pana kuliko bushi, ndiyo inayoipokea upande wa pili. Paka grisi kwenye uzi wa boliti, kaza, bushi inatoka kwa milio ya kukatisha tamaa. Ikigoma, toboa mpira kwa drili mpaka mrija wa ndani utoke, kisha pitisha bledi ya msumeno wa chuma na ukate mrija wa nje kwa urefu wake, kwa uangalifu usichane ukuta wa amu. Ukishakatika unakunjika kwa patasi.

Wengine huchoma mpira kwa moto. Mimi siupendi mtindo huo: moshi wake ni sumu, mpira unaoungua hurusha vipande vya moto, na amu ya aluminiamu inaweza kupoteza ugumu wake bila wewe kuona.

Kuingiza mpya, safisha tundu mpaka ling'ae, lainisha kwa maji ya sabuni au gliserini, na usukume kwa kushika mrija wa nje. Ukisukuma kwa kukandamiza mpira au mrija wa ndani, umeichana kabla haijatembea. Bushi yenye ganda la chuma ukiilaza kwenye friza usiku kucha hupungua kiasi kidogo sana, na kiasi hicho husaidia.

Jambo moja ambalo si la kujaribu nyumbani: kama springi ya gari lako imekalia amu ya chini, au gari lina tosheni baa (nondo inayojinyonga badala ya springi), kufungua amu hiyo ni kufungua nguvu iliyobanwa inayoweza kuvunja mkono au kuua. Hapo unahitaji kibana springi na mtu aliyewahi kufanya. Na kwa kazi yoyote ya kuinua: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia, na matairi yaliyobaki chini yawekewe kabari.

Nilifunga bushi mpya na zimekufa ndani ya miezi michache. Nilipigwa spea feki?

Inawezekana. Lakini kwanza jiulize: boliti zilikazwa gari likiwa wapi?

Rudi kwenye jibu la kwanza. Mrija wa ndani ukishabanwa hauzunguki, mpira ndio unaojinyonga. Gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, amu imeelekea chini. Ukikaza boliti hapo, umeuambia mpira kwamba huko chini ndiko nyumbani. Ukishusha gari, amu inapanda kwenye kimo chake cha kila siku na mpira unabaki umenyongwa hata gari likiwa limelala usiku. Kila tuta linaunyonga zaidi. Haiwezi kudumu.

Mara ya kwanza nilipobadilisha bushi za mbele nilikaza kila kitu gari likiwa juu ya stendi, nikajipongeza, nikanawa mikono. Mvua mbili hazikupita, mlio ukarudi, na nilipochungulia nikakuta mpira umechanika kwa mstari mmoja mrefu kama mkono wa shati. Nililaumu dukani. Nilipofunga seti ya pili kwa namna ileile ikachanika palepale, nikajua mwenye kosa ni nani.

Fanya hivi. Kabla ya kuinua gari, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Andika. Ukishafunga amu, ingiza boliti na uzikaze kwa mkono tu. Weka jeki chini ya amu karibu na boljointi, inua mpaka kipimo kile kirudi, ukihakikisha gari halinyanyuki kutoka kwenye stendi. Likianza kunyanyuka, acha, lishushe kwenye matairi na ukazie hapo, juu ya ngazi za kupandishia au kwenye shimo. Kaza sasa, kwa torki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Nati zenye pete ya plastiki zisitumike mara ya pili.

Polyurethane haina shida hii, kwa kuwa inazunguka. Bushi za stebilaiza nazo, linki zikiwa zimefungwa, klipu ni bora zikazwe gari likiwa limekaa sawa.

Mpira au polyurethane?

Kwa gari la zamani la kwenda kazini na kurudi, mpira. Ulikuwa hapo miaka yote hiyo na gari lilikuwa kimya. Polyurethane hudumu, haijali oili sana, na usukani huwa mkali zaidi, ila unapokea mtetemo zaidi ndani na inabidi uifungue siku moja kuipaka grisi upya. Aliyeifunga ili kumaliza kelele mara nyingi amejinunulia kelele nyingine.

Nibadilishe upande mmoja tu?

Pande zote mbili. Zimezaliwa siku moja.

Kuna haja ya alaimenti, yaani kunyoosha matairi, baadaye?

Kwa bushi za amu, ndiyo, baada ya kutembea kilomita chache zijikalie. Kwa bushi za stebilaiza, hapana.

Ninaweza kuendelea kuendesha na mlio?

Mlio wa stebilaiza unakera masikio tu. Lakini kama gari linavuta upande ukifunga breki, linayumba kwenye barabara iliyonyooka, au tairi linalika upande wa ndani, acha kuhesabu kelele na ulipeleke likaguliwe. Boljointi kavu inayolia nayo isisubiri, kwani ikichomoka gurudumu linalala.

Nimebadilisha zote na bado inalia!

Rudia chupa ya maji, safari hii kwa wasioshukiwa. Angalia mpira unaokaa chini na juu ya springi, ukihama springi inasugua chuma. Angalia bushi za macho ya shokapu. Kama nyuma kuna springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, vipande vya plastiki kwenye ncha zake huwa vimekwisha na chuma kinasugua chuma. Halafu angalia vishikizo vya mpira vya bomba la moshi. Kuna gari moja tulilihangaikia siku mbili, amu imetoka na kurudi, na aliyekuwa anaimba alikuwa ni kishikizo cha mwisho kabisa, kule nyuma karibu na bampa, kikavu kama ganda la nazi. Mwenye gari alikitoa kwa mikono yake, akakipindisha karibu na sikio langu, kikalia kwii.